Punje ya Hindi Kutoka Chanzuru Hadi Mikumi

Washikaji wa benchi la nyuma, mmeniuliza tangu Jumatatu kwa nini nimerudi kutoka Mikumi nimepoa kama ugali wa jana. Kuna aliyesema nimeokoka. Kuna aliyesema nimependa. Hakuna. Nimeona tembo, nimeona uzi wa nailoni, na nimeona mguu wa bibi yangu, na hivyo vitatu vimenifunga mdomo siku nne, kazi ambayo mwalimu wa nidhamu na fimbo yake hajaiweza tangu kidato cha kwanza. Nawaandikia wote mara moja, maana nikimsimulia mmoja mmoja nitaanza kuongeza chumvi, na safari hii ilikuwa na chumvi yake ya kutosha.

Chanzuru, chai ikiwa bado ya moto

Tulisafiri watatu. Wa kwanza ni Bibi Monika, mama yake baba, ambaye mimi namwita mke wangu na yeye ananiita mume wangu, kama ilivyo kwa bibi na mjukuu yeyote wenye akili timamu. Utani wetu hauna likizo. Nikimuuliza kama ugali wake ni wa kula au wa kukandika ukuta, ananijibu kwamba kichwa changu kingefaa zaidi kuwa kinu. Bibi ana sukari miaka mingi. Miguu yake usiku inawaka kama amekanyaga majivu yenye makaa, halafu mchana inakufa ganzi.

Wa pili ni Shangazi Tausi, binti yake Bibi. Huyo hataniwi. Shangazi ni baba aliyevaa kitenge. Yeye anaumwa mwili mzima: mabega, kiuno, viwiko, mapaja, mpaka ngozi. Leo hapa, kesho pale, keshokutwa kote. Analala muda wa saa tisa nzima, anaamka amechoka kama aliyelima usiku. Anaanza sentensi anasahau alikokuwa anaipeleka. Damu wamempima, picha wamempiga, na kila alikokwenda aliambiwa vipimo vizuri, mama, huna kitu, kapumzike. Nyumbani tukaamua ni ugonjwa wa ukoo, huo huo wa Bibi umeshuka kwa binti, kwa hiyo Bibi akawa anamgawia vidonge vyake vya miguu kama mtu anavyogawa karanga. Havikusaidia. Mume wake, Baba Rehema wa kule Magole, alivumilia mwaka na nusu, kisha akamrudisha kwetu na sanduku lake la nguo. Alisema akipona uvivu atamfuata. Jumapili ile ndiyo alikuwa aje na kaka zake wawili, kikao kikae, ijulikane moja.

Ndipo tukasikia kuna daktari mgeni, bingwa wa mishipa ya fahamu, atakuwa Mikumi siku mbili. Nilikuwa nyuma ya mlango, mahali ninapopatia elimu yangu nyingi, Shangazi alipomwambia Bibi, "Mama, huyu ndiye wa mwisho. Na yeye akisema sina kitu, Jumapili nitawaambia mimi ni mwongo, yaishe."

Wa tatu ni mimi, mbeba mabegi. Na hapa lazima niseme jambo, maana mlikuwepo. Ule mwendo wa Shangazi niliokuwa nauigiza chini ya dirisha la maabara, mkacheka mpaka mmoja wenu akapaliwa na mhogo, siku moja nilikuwa nawaigizia wadogo zangu uani. Nikageuka, nikamkuta Shangazi amesimama na beseni la nguo. Aliliweka beseni chini polepole, kiuno kimekakamaa, mkono mmoja ukutani. Yaani vile vile nilivyokuwa naigiza.

Basi asubuhi ya safari, Bibi akimalizia chai, mimi nikachukua punje moja ya hindi kavu, lile gumu la mbegu, nikaitumbukiza kwenye raba yake ya kulia. Wiki iliyopita alinitilia chumvi kwenye uji, kwa hiyo zamu ilikuwa yangu. Nilitaka aruke mara moja tu kabla ya kupanda bodaboda. Akavaa soksi, akavaa raba, akafunga kamba, akasimama. Akatembea mpaka barabarani. Hakuruka. Nikajua anajikausha, anajifanya hajasikia kitu, maana Bibi kwa kujikausha hana mpinzani.

Kilosa mjini, kwenye kirikuu cha Salumu

Gari letu lilikuwa kirikuu kilichobeba matenga matupu ya nyanya, kinakwenda Mikumi. Dereva anaitwa Salumu, kijana mwenye kofia ya sufu hata jua likiwa la utosi. Alituambia tunaondoka sasa hivi. Mnajua sasa hivi ya dereva. Alienda kutafuta spana, akarudi na chapati. Akaenda kurudisha spana ambayo hatukuiona, akarudi na kuku. Sisi tulikaa karibu na reli ya zamani, Bibi akisimulia kwa mara ya mia jinsi baba yake alivyoshuka kwenye treni pale pale kuja kukata mkonge, akidhani atakaa miezi sita. Mpaka leo tupo.

Salumu aliporudi mara ya mwisho alitoa shikamoo zake vizuri, Bibi akaitikia marahaba, kisha akampa Shangazi mkono. Sasa mnajua salamu ya kwetu: mkono ukishikwa unashikwa hasa, unatikiswa, unakaa humo mpaka habari za nyumbani, za shamba na za ng'ombe wasiokuwepo ziishe. Shangazi alimpa ncha za vidole tu, akazirudisha haraka kama aliyegusa sufuria. Salumu akaangalia kiganja chake, akakifuta kwenye suruali. Baadaye alipokuwa ananisaidia kufunga matenga akaniuliza kwa sauti ya chini kama shangazi yangu ni mke wa mkuu wa wilaya, maana anaringa. Nikamwambia hapana, ndivyo alivyo. Jibu la kijinga, lakini ndilo nililokuwa nalo.

Wanawake wakakaa mbele, mimi nyuma na matenga na kuku. Kabla hatujaondoka Bibi alishuka tena kununua ndizi za kisukari, akakumbuka sukari yake, akanipa mimi zote. Alikwenda na kurudi kwa miguu yake. Nilikuwa nahesabu hatua. Hata kukunja uso hakukunja.

Njia ya kwenda Ulaya

Kwenye ramani ya jiografia, Kilosa mpaka Mikumi ni urefu wa ukucha. Nawashauri waliochora ramani wapande kirikuu. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, na barabara ilikuwa imeamua kuwa mto, na mito ilikuwa imeamua kuwa ziwa. Kwa upande wa Masanze tuliona jembe moja tu shambani limesimama peke yake, mwenyewe amekimbia matope.

Kupitia kioo cha nyuma nilikuwa naiona shingo ya Shangazi. Kila shimo likija, kabla gari halijatumbukia, alikuwa anafumba macho. Kabla, siyo baada. Alikuwa anaisoma barabara kuliko dereva. Mkono mmoja umeshika mlango, mwingine umekaa hewani juu ya goti, haugusi kitu. Salumu, mtu wa maneno, akamwambia mama tulia, barabara yenyewe bado haijaanza kuwa mbaya. Shangazi akacheka kidogo kwa heshima. Mimi nikaacha kula ndizi. Nilikuwa nimemwigiza miezi mitano na sikuwahi kumwangalia hata dakika moja.

Kwenye kijito kimoja kirikuu kikazama mpaka kwenye mhimili. Tukashuka wote. Wakatokea vijana wa pale, wale wanaotokea daima gari likikwama, kama vile wamezaliwa na tope. Tukasukuma, tukasukuma tena, tope likaniingia mpaka kwenye meno. Bibi akapandisha kilima kizima kwa miguu, na raba zake, na punje yangu ndani yake, akatusubiri juu amejishika kiuno kama jemadari. Nilipomfikia nikamkagua usoni. Hakuna dalili. Nikaanza kumwogopa. Nikasema moyoni, huyu mwanamke angekuwa mpelelezi, nchi ingejua siri zote.

Ulaya, wali na kambale

Ndiyo, nimefika Ulaya. Ninyi mtakaa mkisikia. Ulaya ya kwetu Kilosa haina theluji, ina mama ntilie mmoja mwenye wali mweupe, maharage ya nazi na kambale wa kukaanga ambaye kichwa chake kilikuwa kinanitazama kama mwalimu wa zamu. Tulikula tumekaa kwenye benchi la mti, gari likipumzika.

Mama ntilie alikuwa mtu wa kugusa. Akimkaribisha mtu anamshika. Akampitia Shangazi kwa nyuma, akambana bega kwa mapenzi kabisa, akamwambia kula mwanangu umekonda. Machozi yakamtoka Shangazi pale pale, akabaki na tonge mkononi. Yule mama akadhani ni pilipili. Akaleta maji, akaleta mchuzi mwingine usio na pilipili, akaleta na ndimu, akaomba radhi mara tatu kwa niaba ya binti yake aliyepika. Shangazi akala ule mchuzi wote ili asimvunje moyo. Bibi akageuza uso akatazama milima ya mbali.

Hapo nikaona nijisalimishe. Nikamsogelea Bibi, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Mke wangu, umeshinda."

"Nimeshinda nini?"

"Wewe unajua."

"Ninachojua umekula kambale wangu."

Nikainamisha kichwa kwa heshima. Mchezo ulikuwa umekwisha na yeye bado anacheza. Niliwaza kwamba hata siku ya kufa atajikausha, mpaka mchungaji achoke aondoke.

Makopo na tembo

Tukikaribia Mikumi, mashamba yakaanza kuzungushiwa kamba za katani zilizoning'inizwa makopo: ya maziwa, ya rangi, ya mafuta ya kupikia, kila moja na jiwe ndani. Salumu akapunguza mwendo, akazima gari katikati ya barabara bila kusema. Nikadhani tumeharibika tena. Akanyoosha kidole.

Walikuwa saba. Wakubwa watano na watoto wawili. Walitoka kwenye majani marefu kulia, wakavuka barabara mbele yetu, hatua kama ishirini hivi. Washikaji, mimi nimeona tembo kwenye noti na kwenye vitabu, na sasa nawaambia hao siyo tembo. Kilichonimaliza si ukubwa. Ni kimya. Mguu mnene kama kinu unashuka, na huusikii ukitua. Unatua kama mkono wa mama juu ya mtoto aliyelala. Yule wa mwisho, jike lenye pembe moja, akasimama akatugeuzia uso, masikio yamefunguka kama milango miwili, akatuvuta harufu sisi na kuku wetu. Nikajikuta nimesema shikamoo. Kwa tembo. Hakuna aliyenicheka. Nilisikia Bibi naye anasema shikamoo kule mbele, na Bibi ana miaka sabini na kitu, sijui mara ya mwisho alimwamkia nani.

Wakazama kwenye majani ya kushoto, na majani yakajifunga kama hayajafunguliwa.

Salumu alisema tungoje kidogo, huenda wapo wengine. Pembeni kulikuwa na dungu, kile kibanda cha miti cha kulindia shamba, na juu yake dada mmoja ananyonyesha. Nikamsogelea kumuuliza kuhusu makopo. Akaniambia kazi siyo makopo, kazi ni kamba. Mchwa wakiila kamba, inakatika sehemu, na tembo anaingia shambani anakula mahindi yote na wewe huna habari. Lakini ukiikaza kupita kiasi, upepo ukipita yanalia, njiwa akitua yanalia, hata kipepeo. Juzi yalilia mpaka wakatoka familia nzima na mienge, hakuna tembo.

Nikamwambia, "Kwa hiyo yaliwadanganya."

Akanishangaa. "Yangedanganyaje? Si yalilia kweli? Kosa ni la aliyekaza kamba."

Akambadilishia mtoto ziwa. Mimi nikarudi kwenye gari na hilo neno, nisijue nimebeba nini.

Mikumi, mbele ya daktari

Tulifika saa kumi jioni, wa mwisho kwenye benchi. Daktari alikuwa mama mfupi mwenye miwani, amevua viatu chini ya meza. Bibi alisema mume wake lazima aingie naye, kwa hiyo tukaingia wote watatu.

Akaanza na Bibi. Kwanza maneno: unaumwa wapi hasa, lini, ikoje. Bibi akamweleza moto na ganzi, kwamba vilianza kwenye vidole miaka ile, vikapanda kwenye unyayo, sasa viko kwenye kifundo. Daktari akasema vizuri, vua viatu, mama.

Raba ya kushoto ikatoka. Raba ya kulia ikatoka. Soksi ya kulia haikutoka. Ilikuwa imeganda.

Muuguzi akailowanisha kwa maji, akaivuta taratibu, na chini ya kidole gumba cha Bibi kulikuwa na kidonda, na ndani ya kidonda, imejichimbia kama iliyopandwa, punje ya hindi. Damu ilikuwa imekauka kuizunguka. Bibi akainama akautazama mguu wake kama mguu wa jirani.

"Hii imeingia lini?" akauliza.

Hakuwa anajikausha. Hakuwahi kujikausha. Kile kilima, zile ndizi, kule Kilosa na Ulaya, kote alitembea juu ya punje yangu na mguu haukumwambia kitu. Mguu ule ule unaomliza usiku kwa moto. Ningeweza kunyamaza, wangesema imeingia yenyewe shambani. Nikasema ni mimi, nilikuwa namtania.

Daktari hakunipigia kelele, na afadhali angepiga. Alisema mtu wa sukari kidonda kidogo kama hiki kikikaa bila kujulikana kinaweza kumgharimu kidole, hata mguu. Kisha akasema, "Umenifanyia kipimo changu cha kwanza, tena kwa ujinga. Sasa kaa hapo utazame kinavyofanywa kwa akili."

Akatoa uzi mmoja wa nailoni, mfupi, umechomekwa kwenye kijiti. Basi. Si mashine, si umeme. Akamwambia Bibi fumba macho, ukiguswa sema ndiyo. Akaugusisha uzi kwenye kidole mpaka ukapinda. Kimya. Kidole cha pili. Kimya. Unyayo. Kimya. Nilikuwa natamani kumsemea. Uzi ukapanda kifundoni, kimya, ukapanda kidogo tena, na Bibi akasema, "Ndiyo." Daktari akatia alama ya kalamu. Akazungusha mguu mzima hivyo, kisha mguu wa pili, na alama zikaungana zikawa mstari, urefu ule ule miguu yote miwili. Bibi alikuwa amevaa soksi ambazo hazionekani. Halafu akaleta chuma chenye meno mawili, akakigonga kikavuma. Kwenye kidole Bibi hakusikia kitu. Kwenye goti akasema kuna nyuki. Akagonga kisigino kwa kinyundo, mguu ukakaa kimya kama gogo. Kwa uzi na chuma na nyundo, yule mama alikuwa amechora ndani ya mwili wa bibi yangu bila kumfungua. Tembo walinifanya niseme shikamoo. Hapa sikuwa hata na hiyo.

Zamu ya Shangazi. Maswali yakawa mengi kuliko vipimo. Maumivu pande zote mbili? Juu ya kiuno na chini? Miezi mingapi? Ukiamka unahisi kama hukulala? Unasahau? Shangazi akawa anajibu ndiyo, ndiyo, huku anamtazama daktari kama mtu anayesomewa barua yake mwenyewe. Kisha ule uzi. Kila ulipogusa, vidole, unyayo, mkono, akasema ndiyo kabla haujapinda. Chuma alikisikia kote. Kinyundo, mguu ukaruka sawasawa. Pamba, pamba tupu, ilipopita kwenye mkono akasema, "Ndiyo. Polepole, tafadhali." Daktari akambonyeza kwa kidole gumba mabegani, viwikoni, kiunoni, magotini, kwa nguvu ile ile aliyonibonyeza na mimi, nikaona ni kama mtu anapima embe. Shangazi alikuwa anashika kitanda. Mwisho daktari akasoma upya majibu yote ya damu tuliyobeba, karatasi kwa karatasi.

Akaweka kalamu chini. Shangazi akajikaza, akauliza yeye mwenyewe kwanza. "Kwa hiyo na wewe umeona sina kitu."

"Nani kakuambia? Una kitu, na kina jina. Fibromialjia."

Akaeleza. Kwa Bibi mishipa yenyewe imeharibiwa na sukari, inaliwa kuanzia mwisho wa mbali, ndiyo maana vidole vilitangulia. Kwa Shangazi mishipa inapeleka habari vizuri, ila ubongo unazipokea zimekuzwa: mguso unakuwa kipigo, uchovu unakuwa ugonjwa. Vipimo vya damu haviuonyeshi, vinatumika kuondoa magonjwa mengine. Akasema kuguswa kidogo kukauma hutokea hata kwa wenye mishipa iliyoharibika, na mtu mmoja anaweza kuwa na yote mawili, ndiyo maana hamwandikii binti dawa kwa kumpima mama. Akamtazama Bibi aliposema hayo. Bibi akaziba mdomo kwa khanga, akaungama habari ya vidonge.

Nikanyoosha mkono, kama darasani. Nikauliza, ni kama makopo ya kule shambani? Wakanitazama wote. Nikawaeleza maneno ya yule dada wa dungu. Kwamba kamba ya Bibi imeliwa na mchwa, inalia ovyo ikiwa inakatika, ndio moto wa usiku, na ikishakatika inanyamaza, ndio punje. Na ya Shangazi ni nzima, imekazwa mno.

Daktari alivua miwani akaipangusa. Alisema ataiba huo mfano, ila niongeze kwamba nani hasa aliyeikaza kamba hatumjui bado vizuri, na kwamba kamba iliyokazwa hailegei kwa siku moja: kutembea kidogo kila siku na kuongeza taratibu, usingizi wa saa zile zile, dawa kidogo za kusaidia, na watu wa nyumbani wanaokuamini. Haikati shingo, haiui, lakini haitaki haraka.

Shangazi aliomba aandikiwe jina kwa herufi kubwa. Akalisoma kwa silabi, akakosea, akarudia, akalipata. Kisha akacheka. Mwaka mzima nilikuwa sijausikia mcheko wake wa kweli, nilikuwa nimesahau kwamba unafanana na wa baba.

Mimi nikapewa adhabu iliyoandikwa kwenye daftari la Bibi kwa kalamu ya daktari: kila jioni mume atakagua miguu ya mke wake, juu, chini na katikati ya vidole.

Kurudi

Tulilala Mikumi, tukarudi na Salumu yule yule, safari hii na nyanya. Pale Kilosa Bibi alipokwenda na mguu wake wenye bandeji kumtukana kwa utani muuza ndizi, nilibaki na Shangazi. Nilikuwa nimepanga hotuba tangu alfajiri. Nikasema tu, "Shangazi, ule mwendo. Nisamehe."

"Uliupatia," akasema. "Mguu wa kushoto tu ndio ulizidisha."

Jumamosi sikuja mpirani, sasa mnajua kwa nini. Nilikuwa natafuta makopo. Nilifunga kamba ya katani uani, kutoka mlango wa jiko mpaka kwenye mpapai, nikaikaza mpaka inaimba. Baba akaniambia niitoe kabla wageni hawajafika. Sikuitoa.

Jumapili wakaja, Baba Rehema na kaka zake wawili. Baba Rehema akanyoosha mkono kumsalimia Shangazi. Akapewa ncha za vidole, akaangalia pembeni. Karatasi ya daktari ikazunguka. Kaka mkubwa akasema kwa upole kwamba karatasi ni karatasi, jina gumu mtu yeyote anaweza kuandika, na vipimo si vilikuwa vizuri? Baba yangu akaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu asiye na hoja. Ndipo makopo yakalia. Yalilia yote, ng'alang'ala kuanzia jikoni mpaka kwenye mpapai, na watu wazima watatu kutoka Magole wakageuka kwa pamoja.

Baba akanitafuta kwa macho. Shangazi akasema, "Mwache. Mmesikia?"

Wakasema wamesikia.

"Nani kaingia?"

Kaka mkubwa akachungulia. Chini ya kamba kulikuwa na kifaranga kimoja, kimetunisha manyoya, kinajishangaa. "Kifaranga," akasema.

"Makopo yamewadanganya?"

Kifaranga kikapita tena, yakalia tena, na safari hii Baba Rehema hakugeukia makopo. Alikuwa anamtazama mke wake.

"Basi ndivyo nilivyo," Shangazi akasema. "Mwaka na nusu, nilikuwa nalia kweli."

Wakazungumza mengine ya wakubwa, nikafukuzwa. Nilichokidaka ni kwamba Shangazi atabaki kwetu mpaka atakapotaka mwenyewe, na Baba Rehema atakuwa anakuja kila Jumamosi, watembee wote wawili mpaka barabarani na kurudi. Wiki ijayo mpaka darajani. Bibi akasema na yeye asindikizwe, ila mume wake akague raba kwanza.

Wakati wa kuondoka nilikuwa naifungua kamba, kwa hiyo niliona. Baba Rehema alinyoosha mkono kuaga kama kawaida yetu, ule wa kushika na kutikisa. Ukafika nusu ya njia ukasimama. Akaugeuza, kiganja kikaangalia juu, wazi, akauacha hewani bila kufunga kidole hata kimoja, akangoja. Shangazi akautazama muda mrefu. Kisha akaweka mkono wake juu yake, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kwenye kiota.